Kiporo cha Baba

Mimi ni mtu wa viporo na sioni haya kusema. Katika nyumba ya mwalimu ninayokaa kule Gitting nina jiko la gesi la plati moja, sufuria mbili na kikaango, basi. Napika mara moja, nakula mara tatu. Maharage ya Jumatatu jioni ndiyo ya Jumanne asubuhi ndani ya chapati, na yakibaki tena nayaponda na viazi, nayarudisha kwenye mafuta na kitunguu saumu, unakula bila kujua kwamba mlishakutana. Wali uliolala naukanda na yai na unga wa ngano kidogo, namwaga kijiko kijiko kwenye kikaango. Ugali uliolala naukata vipande, naubabua kwenye kikaango kikavu mpaka ushike ganda, nashushia na maziwa mgando. Dakika kumi nimeshiba. Walimu wenzangu wananitania kwamba kwangu hata panya walishahama. Nawajibu kwamba walihamia kwao, maana ndiko kunakotupwa chakula.

Kuna wiki moja tu ya likizo ambayo natamani nisingekuwa na ustadi huo. Ilikuwa wiki ya kuelekea Krismasi, nyumbani kwetu, juu ya Dongobesh.

Baba alikuwa amefariki miaka mitatu kabla. Tulimzika pembeni mwa nyumba, upande wa shamba la vitunguu saumu. Ukisimama kwenye mlango wa jiko unaliona kaburi lote, na asubuhi ukungu ukiwa mzito unaliona nusu. Tulizaliwa wawili tu, jambo ambalo ukoo wetu haujamaliza kulizungumza: mimi wa kwanza, na mdogo wangu wa kiume ambaye sasa yuko Arusha na mke wake. Mama alibaki mwenyewe na ng'ombe wake watatu, kuku, na lile shamba.

Shule zilipofunga mdogo wangu alinipigia simu. Nilikuwa nafunga begi.

"Dada, shikamoo. Jirani amenipigia tena. Mama bado anampakulia baba."

"Marahaba. Nani kakwambia?"

"Si nimesema jirani. Kila jioni anaweka bakuli mezani upande wa baba, analifunika, analiacha hapo. Na mlango hafungi komeo. Anasema atamfungiaje mtu nje."

Hilo la bakuli nilikuwa nalijua, nililiona likizo ya Juni nikajifanya sijaliona. La komeo sikulijua.

"Sikiliza, dada," akaendelea, na sauti yake ikawa ile ya mtu mwenye gari. "Nakuja tarehe ishirini na nne. Nikilikuta hilo bakuli namchukua mama, anakuja kukaa Arusha. Siku moja ataingia mtu kwenye ule mlango, na hatakuwa baba."

Nilitaka kumtukana lakini alikuwa na haki. Nilichojua mimi, na yeye alijua pia, ni kwamba mama alishakaa Arusha siku tisa alipokwenda kutibiwa macho. Aliporudi aliniambia kwamba siku zote tisa alikuwa kama kuku aliyefungwa miguu sokoni. Hakuwa na mtu wa kuongea naye Kiiraqw, hakuwa na pa kutembea, na kila jioni alikuwa anauliza ni upande gani ulipo mlima wa kwao. Kumwondoa pale nyumbani kulikuwa ni kumuua taratibu. Niliona hivyo wakati ule, na bado naona hivyo. Kulikuwa na njia ya tatu, kwamba mimi niombe uhamisho nikafundishe karibu naye. Njia hiyo nilikuwa naizunguka. Nilikuwa nimezoea nyumba yangu, jiko langu na ukimya wangu, na sikutaka kurudi kuwa mtoto wa mtu. Basi nikaamua kwamba nitakwenda mapema, na mdogo wangu atakapofika hatakuta bakuli lolote.

Lazima nieleze habari ya lile bakuli, maana bila hiyo hamtanielewa.

Lilikuwa la bati jeupe lenye ukingo wa bluu, na lilikuwa la baba peke yake. Kwetu mtoto hagusi chakula cha baba yake mpaka apewe kwa mkono wake. Ukikutwa umedokoa humo, hata kama baba hasemi kitu, bibi atasema, na shangazi atasema, na mpaka unaolewa itasemwa. Baba alikuwa mnunuzi wa maksai. Alikuwa anashuka mpaka Dirma, tambarare za Hanang, kwa wafugaji wa kule, anakaa siku tatu, wakati mwingine wiki, anarudi na ng'ombe wawili na vumbi la rangi nyingine kwenye viatu. Hata awe na njaa vipi hakuwahi kumaliza bakuli lake. Alikuwa anabakiza tonge moja na kipande cha mboga, analifunika kwa sahani, anamsogezea mama. Mama hakula saa ile. Alilila asubuhi yake, amesimama kwenye mlango wa jiko na kikombe cha chai, anatazama njia aliyoondokea baba.

Nikiwa mtoto nilidhani huo ni uonevu, mama kula masalia. Nilipokua nikadhani ni ubahili mzuri, na nikajisifu kwamba ustadi wangu wa viporo niliurithi pale mlangoni. Sikuwahi kumuuliza mama yeye anauonaje.

Nilifika jioni, nimechafuka matope mpaka magotini kwa sababu ile barabara ya kupanda kutoka Dareda ilikuwa na mvua. Mama alikuwa amepika makande kwenye sufuria kubwa, ile ya wakati tuko wengi na vibarua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekonda. Huko kwenu mnakula hewa?"

Alipakua sahani yangu, akapakua yake. Kisha akachukua lile bakuli jeupe kutoka kabatini, akalifuta kwa kitambaa ingawa lilikuwa safi, akaweka makande, akachagua maharage yale makubwa akayaweka juu. Akalifunika, akaliweka mbele ya kiti cha baba. Alifanya hivyo huku anaendelea kunisimulia habari za ng'ombe aliyetupa mimba, bila kupunguza sauti wala kuiongeza. Nilikula nimeinamia sahani. Gambuti za baba zilikuwa bado nyuma ya mlango, zimekaa pamoja, vidole vimeelekea ndani. Mlango wenyewe mama aliurudishia tu, akaenda kulala.

Alfajiri niliamka kabla yake. Mwanga ulikuwa wa kijivu na ukungu ulikuwa umefika dirishani. Bakuli lilikuwa palepale. Nililifunua: makande yameganda, mafuta yamefanya utando mweupe juu. Nilisimama hapo muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Nina miaka arobaini na moja, nafundisha hesabu darasa la saba, nimewachapa watoto kwa kuogopa popo, na mkono wangu ulikuwa hautaki kwenda kwenye bakuli la baba.

Lakini nikala. Nikalila lote, baridi hivyohivyo, nimeipa mgongo meza na nimeupa uso mlango wa jiko. Hilo lilikuwa kosa, kwa sababu huko nje lilikuwepo kaburi, nusu lake. Nikameza maharage yale makubwa moja moja. Nilihisi kama kuna mtu nyuma yangu anangoja nimalize ili anipokee bakuli. Nikageuka. Hakuna mtu, kiti tu.

Yaliyobaki kwenye sufuria kubwa nikayaponda na viazi viwili, nikatupia kitunguu saumu, nikakaanga mabonge ya kunywea chai. Bakuli sikuliosha, nililiacha mezani, limekombwa. Niliona mama akilikuta tupu siku mbili tatu ataanza kujiuliza, na akijiuliza ataacha. Huo ndio ulikuwa mpango wangu wote.

Mama aliingia, akasalimiwa, akaenda moja kwa moja mezani. Akafunua. Akakaa na ile sahani ya kufunikia mkononi.

"Limekuwa tupu," akasema.

Ningeweza kusema palepale. Ningesema, mama, nimekula mimi, nilikuwa na njaa ya safari, nisamehe. Angenigombeza, tungeishia hapo. Lakini aibu ya mtoto aliyekula bakuli la baba yake ilinitangulia, na ulimi ukatoa kitu kingine.

"Nimelikuta hivyo."

Alilisogeza karibu na dirisha, akalitazama ndani, akalipeleka kuosha. Kisha akala bonge la viazi na makande na kusema nimezidisha chumvi.

Siku ya pili alimpakulia ugali na majani ya maboga. Alfajiri nikala ugali wa bakulini, na ule wa sufuriani nikaubabua kwenye makaa tukanywea maziwa. Siku ya tatu ulikuwa wali, kwa sababu ilikuwa Jumapili na tulitoka kanisani, na alimwekea na ukoko, maana baba alikuwa anapenda ukoko. Huo ukoko ndio ulionishinda. Nilitafuna taratibu ili usilie, na kila ulipolia nilisimama kusikiliza chumbani kwa mama. Wali uliobaki ukawa vile vichapati vyangu vya yai. Siku ya nne maharage. Kila alfajiri niliona ninakula chakula kilichokuwa kinaangaliwa. Sikuweza kutambua ladha yake, hata chumvi. Na mchana nikipita karibu na kaburi kwenda kwenye vitunguu nilikuwa natembea haraka, mtu mzima mimi, kama mdaiwa anayepita mbele ya duka.

Na kila asubuhi mama alifunua, akatazama, akaosha. Hakuniuliza tena. Siku ya nne alikaa kwenye kiti cha baba, jambo ambalo sijawahi kumwona akifanya, akaweka viganja vyote viwili mezani kila upande wa bakuli. Nikamuuliza kama anaumwa.

"Siumwi," akasema. "Nimepumzika tu."

Jioni ya siku ya tano, bakuli halikutoka kabatini. Alipakua sahani mbili, yangu na yake. Alipomaliza kula aliinuka, akaenda mlangoni, na nikasikia komeo linaingia. Lilikuwa na kutu, lililia sana. Nilikwenda kulala nimefurahi mpaka nikashindwa kupata usingizi. Nilijiambia kwamba nimemponya mama yangu kwa kula tu, bila neno gumu hata moja, na kwamba mdogo wangu na gari lake atarudi mikono mitupu.

Alikuja kweli tarehe ishirini na nne, mchana, yeye na mke wake, na mbuzi aliyemnunua njiani amefungwa nyuma ya gari. Wifi yangu ni mtu mpole, alimpigia mama magoti kwa shikamoo yake ya kizamani. Mdogo wangu macho yake yalikuwa kabatini. Jioni mama alipakua sahani nne, akakaa, akaomba, tukala. Komeo likaingia. Siku ya Krismasi tulitoka ibadani, tukapika pilau kwa nyama ya yule mbuzi, mchuzi, kachumbari, na mama alikula vizuri, akacheka mdogo wangu aliposimulia jinsi mbuzi alivyomharibia kiti. Sahani zilikuwa nne. Nilizihesabu kwa macho, na mdogo wangu naye nilimwona anazihesabu.

Akanifuata jikoni. "Dada, mbona mama yuko sawa?"

"Si unajua majirani wana midomo."

"Basi abaki," akasema. "Nilikuwa naogopa, ujue. Sikuwa nataka kumtoa. Niliogopa tu."

Nilimpiga begani na mwiko. Nilimpenda sana saa ile.

Siku inayofuata Krismasi kwetu hakuna anayepika chakula kipya. Ni siku ya viporo na kila mtu anaijua. Pilau ilikuwa imejaa nusu sufuria. Niliitia maji kidogo, nikaifunika kwa mfuniko wenye makaa, na mifupa ya mbuzi nikaichemshia supu na viazi. Chai ya maziwa, pilau ya moto iliyoshika ukoko mpya, hakuna chakula ninachokipenda kuzidi hicho. Tulikuwa tumekaa wote wanne, mvua ndogo inanyesha, wakati mama alipoweka kikombe chini na kumgeukia mdogo wangu.

"Baba," akamwambia, maana humwita hivyo tangu mdogo, "unarudi lini Arusha?"

"Kesho, mama."

"Basi nitafutieni begi. Nitakwenda na wewe."

Wifi yangu aliacha kutafuna. Mdogo wangu alinitazama mimi kana kwamba nimempangia. Mama akachukua kikombe chake, akamaliza chai, akatoka nje kwenye mvua kuelekea ghalani.

Nilimfuata. Alikuwa amekaa kwenye gunia, anachambua vitunguu saumu vya mbegu, anatenga vile vinono. Harufu ilikuwa kali ya kutoa machozi, na nashukuru ilikuwa hivyo.

"Mama, kwa nini Arusha? Ulisema hutaki hata kuisikia."

"Sikutaka kwa ajili ya baba yako."

Nikabaki nimesimama. Aliinua macho.

"Usinitazame hivyo, mimi si kichaa. Najua nilimzika wapi, napita pale kila siku na jembe. Kaa chini."

Nikakaa.

"Alikuwa ananibakizia," akasema. "Jioni namwekea, asubuhi nakuta kipo, nakula na chai yangu. Miaka yote hii mitatu. Kilikuwa kingi, lakini si aliondoka mgonjwa? Mgonjwa hali. Tonge moja, mbili, kingine anakuachia. Unakumbuka alivyokuwa akienda Dirma?"

"Nakumbuka."

"Akibakiza nilikuwa najua atarudi. Sikuwa na simu mimi, nilikuwa na lile tonge. Hata siku ile ya kwenda hospitali alibakiza. Uji, vijiko viwili hivi. Sasa wiki iliyopita nimekuta amekomba. Nikasema labda ana njaa, kuna baridi. Siku ya pili amekomba. Ya tatu, ya nne. Mwanangu, yule mtu sikuwahi kumwona anakomba bakuli tangu anilete nyumbani kwake. Nikaelewa kwamba ameniaga." Akatupa kitunguu kibovu pembeni. "Ni vizuri. Ameniaga vizuri, ameshiba. Sasa na mimi naweza kwenda kukaa na watoto."

Alikuwa ametulia. Uso wake ulikuwa laini, kama wa mtu aliyetua mzigo wa kuni. Nimeufikiria uso ule mara nyingi. Ningeweza kunyanyuka, nikamtafutia begi, nikanyamaza mpaka nife. Angekwenda Arusha akiwa mjane aliyeagwa. Lakini mimi nilikuwa na kitu kimoja tu kichwani: mama asitoke nyumbani kwake. Kwa ajili hiyo nilikuwa nimeamka gizagiza siku nne na kula nilichokula. Na uongo wangu ndio uliokuwa unamtoa.

"Mama, nisamehe," nikasema. "Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Mimi ndiye niliyekula. Alfajiri, kabla hujaamka. Nilikwambia nimelikuta hivyo, nikakudanganya. Sikutaka mdogo wangu alikute bakuli akuchukue."

Vidole vyake vilisimama.

"Siku zote nne?"

"Zote."

"Hata ukoko?"

"Hata ukoko."

Nilingoja anipige, na ningefurahi. Alibaki anatazama kitunguu kilichokuwa mkononi.

"Kwa hiyo hakuaga," akasema.

"Hakuaga, mama!" Nililisema kwa furaha. Nilidhani ninamrudishia kitu. "Hajaaga. Huna haja ya kwenda popote. Utakaa hapa."

Mvua iliongezeka kwenye bati, ikapungua.

"Kama ulikuwa ni wewe," akasema polepole, "yeye alikuwa anakula saa ngapi?"

Nilianza kuokota maganda ya vitunguu chini.

"Zile siku nyingine. Kabla hujaja, nilikuwa nakikuta kama nilivyokiweka." Akanitazama, na yalikuwa macho ya mwanafunzi aliyefika mwisho wa hesabu na kuona jibu. "Kumbe hakuwa anabakiza. Alikuwa hali kabisa."

Nilimshika mkono. Aliuacha nikaushika, kisha akauchukua taratibu kwa sababu alikuwa anauhitaji, akaendelea kuchambua vitunguu.

Hakwenda Arusha. Alimwambia mdogo wangu kwamba amebadili mawazo, ng'ombe wataachwa na nani, na mdogo wangu kwa sababu alishaamua moyoni kwamba yuko sawa hakubishana. Aliondoka na mke wake na mfuko wa viazi. Mpaka leo anasema kwamba likizo ile nilifanya kazi nzuri, na anawaambia watu dada yake anajua kukaa na wazee. Nyumba ni ileile, mama yuko palepale, kaburi liko palepale. Nilichokitaka nilikipata chote.

Sufuria kubwa aliitundika ghalani. Alinunua ndogo mnadani, ya lita moja, na anapima unga kwa kiganja, kwa mtu mmoja, hakibaki hata cha kumpa mbwa. Komeo linaingia jua likizama. Zile gambuti alimpa kibarua. Nikimpigia simu asubuhi kutoka Gitting namuuliza amekula nini, ananijibu chai.

"Chai na nini, mama?"

"Chai tu. Hakuna kilichobaki."

Namwambia apike vya kutosha, abakize hata kiazi, mtu wa umri wake hanywi chai kavu. Anasema sawa. Kesho yake ni chai.

Likizo ya Aprili nilikwenda. Niliomba nipike mimi, nikapika ugali na mchicha wa karanga, na nikapakua kwenye sahani zetu mbili. Nilipokaribia kumaliza niliacha tonge moja na mboga kidogo pembeni. Nikaifunika sahani yangu kwa nyingine, nikaisogeza upande wake wa meza kama nilivyomwona baba akifanya mara elfu. Nilifanya hivyo bila kumtazama. Niliingia kulala, na nikaomba, mimi ambaye kuomba kwangu ni kwa Jumapili tu, kwamba asubuhi nimkute mlangoni anakula.

Nilimkuta mlangoni. Amesimama na kikombe chake, ukungu umefika kwenye vitunguu. Sahani yangu ilikuwa imeoshwa, imeinamishwa kwenye kichanja pamoja na yake. Nikajua amekula.

"Shikamoo mama."

"Marahaba," akasema bila kugeuka. "Jana uliacha chakula. Nimewapa kuku."